Mahari atamalizia akiuzwa



Leo nawaletea habari ya mpira, na naomba msinikimbie. Najua kwa wengi wetu mpira ni zile kelele za sebuleni baada ya Isha zinazomwamsha mtoto uliyehangaika kumlaza. Lakini mwaka huu mpira umeingia kwenye mahari ya mdogo wangu. Na kwa kuwa kila msimu vijana wetu wa Unguja na Pemba wanavuka kwenda kucheza bara, na vijana hao wanaposa na kuoa kama wengine, nimeona niyaandike niliyoyasoma. Huenda kuna bi harusi mmoja yatamfaa kabla wazee hawajakaa kikao.

Kijana aliyemposa ni mchezaji wa kiungo. Ana mkataba na klabu moja ya bara, lakini msimu huu anachezea klabu nyingine, mkoa mwingine kabisa, kwa mkopo. Barua ya posa ilipokelewa vizuri. Baba alikwenda mwenyewe kuuliza msikitini kwao, akarudi ameridhika na dini yake na tabia yake. Mambo yalikwama kwenye kikao cha mahari. Mdogo wangu alitaja anachotaka, upande wa kijana ukakubali bila kuvutana, kisha mshenga akaongeza sentensi moja kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo: nusu ataitoa siku ya ndoa, na nusu nyingine "atamalizia akiuzwa."

Ami yangu alifurahi. Alikuwa amesikia redioni kuwa kuna klabu kubwa inamtaka kijana huyu kwa mamilioni, na akilini mwake mamilioni yale yalishaingia kwenye mfuko wa mkwe. Kwa mtu wa mamilioni, nusu ya mahari ni kitu gani? Kilemba nacho kikapanda palepale, na ukumbi wa ghali ukaanza kutajwa. Bibi, ambaye hajawahi kutazama mechi hata moja mpaka mwisho, aliweka kikombe chake chini akauliza, "Auzwe na nani?"

Hakuna aliyemjibu. Na hilo ndilo swali lenyewe, dada zangu. Pesa ya kuuzwa mchezaji anaipata anayeuza, na mchezaji hajiuzi. Klabu yenye mkataba wake ndiyo inayouza. Kinachouzwa, kwa kweli, ni ile miaka iliyobaki kwenye mkataba: klabu mpya inailipa ya zamani ili ikubali kumwachia kabla ya muda wake. Mwaka 2017 Paris Saint-Germain walitoa euro milioni 222 kwa ajili ya Neymar, na mpaka leo hakuna usajili uliozidi ule. Pesa zile zilikwenda Barcelona. Alichopata Neymar mwenyewe ni mkataba mpya wa mshahara, makubaliano tofauti kwenye karatasi tofauti.

Kwetu Tanzania mchezaji hupata fedha ya usajili anaposaini mkataba mpya, hasa akiwa huru au akiongeza muda, na hiyo ni yake. Mara nyingi hulipwa kwa mafungu, na mafungu hayo yana tabia ya kuchelewa. Juu ya hiyo kuna mshahara wa mwezi na posho za ushindi. Kwa hiyo ukisikia redioni "amenunuliwa kwa milioni kadhaa", ujue umetajiwa pesa iliyotoka klabu moja ikaingia klabu nyingine. Yeye anaweza kuwa amekaa nyumba ya kupanga anasubiri mshahara.

Tena hata klabu inayouza haibaki na zote. Mchezaji aliye kwenye mkataba akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, kanuni za FIFA zinakata asilimia 5 ya malipo na kuzigawa kwa timu zilizomlea tangu alipokuwa na miaka 12 mpaka 23. Kila msimu wa mwanzo, wa miaka 12 mpaka 15, una robo ya asilimia, na kila msimu baada ya hapo una nusu ya asilimia. Yaani timu ya mtaani iliyompa mtoto viatu inatambulika kwenye karatasi kuwa na haki. Mama aliyemfulia jezi na kumwekea chakula usiku haimo kwenye hesabu hiyo, lakini hilo tuliache.

Baba hakutaka kuamua kwa maneno ya redioni, akaenda kwa sheikh wetu. Kuchelewesha sehemu ya mahari kunajuzu, na wengi wetu tumeolewa hivyo. Lakini sehemu iliyocheleweshwa ni deni, na deni linataka kiasi kinachojulikana na muda unaojulikana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni, na ndani yake mna muda maalumu, kuandikiana na mashahidi. Sheikh alimuuliza baba, "Akiuzwa ni lini?" Baba hakujua. "Na asipouzwa?" Kijana anaweza kukaa klabu ileile mpaka mkataba uishe. Anaweza kuumia goti, Allah amnusuru, na msimu mzima ukapita. Kisha hata akiuzwa, tumeshaona pesa zinakwenda wapi. Kwa hiyo nusu ya mahari ya mdogo wangu ilikuwa imefungwa kwenye siku isiyojulikana na kwenye pesa ya mtu mwingine.

Mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu, na sheikh aliposema vile nikakumbuka kisa cha Nottingham Forest. Ligi Kuu ya Uingereza wakati ule ilikuwa na kanuni iliyoiwekea klabu kikomo cha hasara katika miaka mitatu. Kwa kawaida kikomo kilikuwa pauni milioni 105, lakini Forest walikuwa wametoka kupanda daraja, kwa hiyo chao kilikuwa milioni 61. Hesabu za mwaka wao zilifungwa mwisho wa Juni 2023. Walikuwa na mshambuliaji wao, Brennan Johnson, waliyejua watamuuza, na pesa yake ingepunguza hasara sana. Wakangoja bei ipande. Ikapanda kweli, na wakamuuza kwa Tottenham siku ya mwisho ya dirisha, tarehe 1 Septemba. Lakini Juni ilikuwa imeshapita na kikomo kimeshavukwa kwa pauni milioni 34.5. Walijitetea kwamba kungoja kuliwapa bei nzuri zaidi, na kwamba muuzaji mwenye akili asingeuza mapema kwa hasara. Tume haikukubali, na Machi 2024 wakapokonywa pointi 4.

Wale ni wenye mali, wanamiliki mkataba, wana wanasheria na wahasibu, na bado hawakuruhusiwa kuhesabu pesa ya mchezaji ambaye siku ile alikuwa hajauzwa. Everton waliadhibiwa msimu huohuo kwa kuvuka kikomo chao. Novemba 2023 walipokonywa pointi 10, zikashushwa kuwa 6 baada ya rufaa, kisha Aprili 2024 zikaongezwa 2 nyingine kwa hesabu za kipindi kilichofuata. Nilimweleza ami haya yote kwa upole, na yeye, kwa kuwa ni mtu wa Manchester United, akafurahi zaidi kusikia habari za Everton kuliko kuelewa nilikuwa nasema nini.

Sasa tuje kwenye mkopo wenyewe, maana hapo ndipo pana mambo yanayomgusa mke hasa.

Bibi alipoelezwa kwamba kijana "yuko kwa mkopo" alisema mtu hakopwi. Alisema kinachokopwa ni pesa au mchele, unakula ukarudisha mwingine. Kinachorudi chenyewe kimeazimwa. Yuko sawa kwa Kiswahili chake, mchezaji huazimwa. Lakini hata kuazima hakutoshi, kwa sababu sufuria ukiiazima haina haja ya kula, na mchezaji anakula, anaugua, analipa kodi, na akioa ana mke. Mchezaji wa mkopo ana mwajiri wa zamani ambaye mkataba wake umelala kwa muda, na mwajiri wa sasa ambaye ana mkataba naye mpaka siku fulani. Kati ya waajiri hao wawili kuna karatasi ya tatu, waliyoandikiana wao. Na kwenye karatasi hiyo ndiko kulikoandikwa nani anamlipa nini.

FIFA walibadilisha kanuni za mikopo kuanzia Julai 2022. Mkopo lazima uandikwe. Hauwezi kuwa mfupi kuliko muda uliopo kati ya dirisha moja la usajili na jingine, na hauwezi kuzidi mwaka mmoja. Klabu iliyomchukua mchezaji kwa mkopo haina ruhusa ya kumkopesha kwa klabu ya tatu. Waliweka pia kikomo cha idadi ya wachezaji ambao klabu inaweza kuwakopesha na kuwachukua nje ya nchi, kwa sababu kulikuwa na klabu tajiri zinazokusanya vijana kwa makumi na kuwatawanya dunia nzima kama vyombo vya shughuli. Na mchezaji mwenyewe lazima akubali. Hakuna anayeweza kumpeleka kwa mkopo bila saini yake. Hili wachumba wengi hawalijui, wanadhani klabu inaamka asubuhi na kumtuma kijana Mbeya au Bukoba kama kifurushi.

Nilizungumza naye kwa simu mbele ya baba, simu iko mezani na sauti imefunguliwa. Nilimwomba anisomee kifungu cha mshahara kwenye karatasi ya mkopo. Akasoma: sehemu kubwa inalipwa na klabu aliyopo, iliyobaki na klabu mama.

"Na wanalipa?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. "Dada, hawa ukiwauliza wanasema waulize wale. Wale wanasema waulize hawa. Mwezi wa pili sasa."

Baba alinitazama. Ndugu zangu, hapa ndipo nilipoona kitu kinachoniuma kuliko hadithi ya kuuzwa. Mchumba anatangazwa redioni kwa mamilioni, familia inapandisha kilemba, na kijana mwenyewe hajaona mshahara wa miezi miwili na anaona aibu kusema. Angeoa hivyo, mdogo wangu angelijua hilo siku ya tatu ya fungate, pilau ikiwa bado haijaisha kwenye friji.

Ipo kanuni kwa hali hiyo, na wake za wachezaji inafaa waijue kama wanavyojua tarehe za kliniki. Klabu ikishindwa kinyume cha sheria kumlipa mchezaji mishahara ya angalau miezi miwili, anaweza kuiandikia notisi ya siku zisizopungua 15 ilipe deni lote. Siku hizo zikipita bila kulipwa, anakuwa na sababu halali ya kuvunja mkataba. Neno ni kuandika. Kulalamika kwa meneja wa timu kwenye basi si notisi, na ujumbe wa sauti kwa katibu si notisi. Kanuni hizohizo zinasema kifungu kinachoipa klabu muda wa ziada wa kuchelewesha mshahara hakitambuliki, isipokuwa kwa makubaliano ya pamoja ya waajiri na wachezaji. Kijana aliandika, akapeleka nakala kwa klabu zote mbili. Hazikupita wiki mbili, mwezi mmoja ukalipwa, na wa pili ukafuata kabla ya notisi kuisha. Alhamdulillah, hakuhitaji kuvunja kitu.

Na kuvunja si jambo jepesi. Sote tunakumbuka ya Feisal Salum, Fei Toto wetu, aliyetoka JKU hapahapa kisiwani akaenda kung'ara Yanga. Desemba 2022 alitangaza kuondoka akiamini mkataba unamruhusu, klabu ikakataa, na Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita kijana hachezi. Mama yake mzazi akatoka hadharani kumsemea, na nakumbuka jinsi akina mama wa mtaani kwetu walivyomwelewa bila kujua kifungu hata kimoja. Mwisho Juni 2023 Rais Samia aliligusia jambo hilo mbele ya viongozi wa klabu, wakakaa, na akaenda Azam. Kila mtu ana upande wake kwenye kisa kile. Mimi ninachokiangalia ni kwamba kijana mwenye kipaji kama kile alipoteza karibu nusu msimu kwa tofauti ya namna ya kusoma mkataba.

Kuna jambo kwenye kanuni za usajili lililomfurahisha sana sheikh nilipomweleza. Klabu inayomtaka mchezaji aliye ndani ya mkataba na klabu nyingine lazima iiandikie kwanza klabu yake kabla ya kuzungumza naye. Mchezaji anakuwa huru kusaini kwingine mkataba wake ukiwa umeisha, au ukibakiza miezi sita au pungufu. Sheikh akacheka, akasema FIFA wamekataza kuposa juu ya posa. Tunajua Mtume, rehma na amani zimshukie, alivyomkataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye mpaka aache au ampe ruhusa. Kilichonifurahisha mimi ni kuwa wazungu wa Zurich walihitaji kanuni na faini kwa jambo ambalo bibi yangu angelimaliza kwa kumtazama mtu.

Halafu kuna shuruti. Kwenye mikopo kuna masharti ya kila aina, na moja lilikuwa maarufu sana. Mwaka 2014 golikipa Thibaut Courtois alikuwa mali ya Chelsea lakini anadakia Atlético Madrid kwa mkopo, na timu hizo mbili zikapangwa pamoja nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kwenye makubaliano kulikuwa na sharti kwamba Atlético wakimtumia dhidi ya Chelsea walipe mamilioni ya euro, pesa ambazo Rais wa Atlético alisema hadharani hawana. UEFA wakatoa tamko kwamba sharti lolote linaloipa klabu uwezo wa kuamua nani achezeshwe na klabu nyingine kwenye mashindano yao ni batili na halitekelezeki. Courtois akadaka mechi zote mbili. Madrid ikawa sare tasa, London Atlético wakashinda 3-1. Mkataba wa mkopo ulibaki hai, lililokufa ni sharti peke yake.

Dada aliyewahi kusoma mlango wa nikaha atalitambua hili haraka. Ndoa inaweza kuwa sahihi na sharti lililowekwa ndani yake likawa halina nguvu. Na mdogo wangu alikuwa na sharti lake: asihamishwe Unguja mpaka amalize chuo, amebakiza mwaka mmoja na nusu. Hapa msichukue maneno ya jirani. Madhehebu yanatofautiana. Kwa Mahanbali sharti la mke kutohamishwa mji wake lina uzito, na mume akilivunja mke ana haki ya kudai ndoa ivunjwe. Kwetu sisi Mashafi, ambao ndio wengi visiwani, sharti la namna hiyo halimfungi mume, ingawa ndoa inasihi. Kwa hiyo ukitaka kuweka sharti, nenda kwa kadhi au sheikh unayemwamini kabla ya siku ya ndoa, ukiwa na maneno yenyewe uliyoyaandika, umuulize lina nguvu gani. Usingoje uambiwe hivyo siku unapolihitaji.

Kuhama ndiko kwenye uzito kwa mke wa mchezaji. Mfikirieni Mbwana Samatta, aliyetupa fahari sote. Januari 2020 alitoka Genk kwenda Aston Villa akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na tarehe 1 Machi akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi, Villa wakafungwa 2-1 na Manchester City. Septemba mwaka huohuo yuko Uturuki, Fenerbahçe, kwa mkopo uliokuwa na makubaliano ya kununuliwa moja kwa moja msimu ukiisha. Mwaka uliofuata Fenerbahçe wakamkopesha Antwerp, kisha Genk tena, na mwaka 2023 akaenda PAOK ya Ugiriki. Birmingham, Istanbul, Antwerp, Genk, Thessaloniki, yote katika muda usiofika miaka minne. Kila mji una skuli nyingine, daktari mwingine, lugha nyingine, na duka jingine la kutafuta nyama ya halali. Redioni tunaambiwa sentensi moja tu: amejiunga.

Na mkopo wenye sharti la kununua una hekaya yake. Mchezaji anaitwa wa mkopo huku pande zote zinajua ameshauzwa. PSG walifanya hivyo na Kylian Mbappé Agosti 2017, wiki chache baada ya Neymar. Walimchukua kutoka Monaco kwa mkopo wa mwaka mmoja na bei iliyotajwa ya euro milioni 180 ikasogea mwaka uliofuata, wakati UEFA walikuwa wanawaangalia kwa kanuni za matumizi. Wahasibu tunaelewa mbinu hiyo. Mimi siipendi, lakini angalau pale bei na tarehe vilijulikana. Ningeletewa mahari ya namna hiyo ningesaini.

Ilibaki jezi. Mdogo wangu ndiye aliyeuliza, wala si sisi wakubwa: kifuani mwake kumeandikwa kampuni ya kubeti, je, mahari yake inatoka wapi? Klabu zetu nyingi zimevaa majina ya kampuni hizo kwa miaka, na ndizo zinazosaidia kulipa mishahara. Wapo Waislamu waliolipinga hilo kwenye klabu kubwa. Frédéric Kanouté alipokuwa Sevilla mwaka 2006 alikataa kuvaa jina la kampuni ya kamari, akawa anavaa jezi isiyokuwa na jina lile kwa muda. Papiss Cissé mwaka 2013 alikataa jezi ya Newcastle yenye jina la Wonga, kampuni ya mikopo ya muda mfupi yenye riba ya kutisha, lakini mwisho akaivaa. Sitawahukumu, wala sitatoa fatwa mimi mwenye kalamu ya hesabu. Kijana alimjibu kupitia baba kwamba mshahara ni wa kazi ya miguu yake, na kwamba ameshakataa mara mbili kupiga picha za matangazo ya kubeti ingawa zina posho nzuri. Sheikh alimwambia aendelee kukataa, na akipata nafasi ya klabu isiyo na jina lile asiiache kwa tofauti ndogo ya pesa. Mdogo wangu alisema inamtosha. Mama hakuridhika sana, na mpaka leo jezi ile haianikwi kwenye kamba ya mbele.

Kikao cha mwisho cha mahari kilikuwa kifupi. Mahari ni ya mwanamke, na baba akamwacha mwanamke aseme. Alikataa "akiuzwa". Alisema hataki kupanda na kushuka na redio. Alipunguza kiasi kidogo, akachukua zaidi ya nusu mkononi siku ya ndoa, na iliyobaki ikaandikwa: mafungu matatu, tarehe tatu, kutoka kwenye mshahara, mashahidi wawili, nakala moja kwake na moja kwa mume. Auzwe asiuzwe, tarehe ni zilezile. Ami aliulizwa kuhusu kilemba, akatazama chini, akasema kile cha mwanzo kinatosha. Ukumbi haukutajwa tena. Maulidi yalisomwa nyumbani, wanawake ndani na uani, hina ilipakwa usiku wa kuamkia ndoa, na walima ulikuwa biriani ya kuku chini ya turubali. Watu walishiba, na hakuna aliyebaki anadaiwa viti.

Ile ya chuo waliikubaliana wenyewe kwa kuwa sharti lisingemfunga. Yeye anabaki Unguja mpaka amalize, shemeji anavuka kila ratiba ikimruhusu, na ameahidi hatasaini karatasi yoyote ya kwenda klabu nyingine kabla ya kumpigia. Fungu la kwanza limeshalipwa, siku nne kabla ya tarehe.

Mkopo unaisha Juni. Klabu mama inaweza kumrudisha, kumkopesha tena akikubali, au kumuuza kweli, na wiki iliyopita redio imeanza tena kutaja mamilioni. Mdogo wangu amenunua mabegi mawili ya magurudumu. Kitanda na kabati, alizopewa na mama, zimebaki chumbani kwake kwa baba zimefunikwa shuka, na friji amesema hainunui mpaka ajue ni mji gani.